Arudi Jumanne

Kwenye karatasi waliandika mstari mmoja tu:
arudi Jumanne.
Mwandiko wa mtu aliyekesha, herufi zinaegemeana
kama walevi wanaosindikizana.

Nikasema moyoni, arudi kufanya nini?
Mtoto huyu hapa, kamaliza bakuli la mtori,
anafukuza kuku wa jirani
hadi kuku wamechoka kumkimbia.
Jumanne nina kitanda cha mteja wa Majengo,
futi tano kwa sita, keshanipa nusu ya fedha,
na nusu hiyo tuliiacha dirisha la dawa
usiku ule wa Ijumaa.

Usiku ule sitausimulia wote.
Kifua cha Aikande kilipiga filimbi,
halafu filimbi ikaanza kwenda mbali,
na hapo ndipo nilipoogopa.
Nilimbeba mgongoni kwa kitenge cha mama yake,
mimi, seremala wa Pasua, ndevu na kitenge,
na kijana wa bodaboda hakutaja bei.
Hospitalini hawakuuliza jina.
Waliuliza: tangu saa ngapi?
Mvuke, barakoa, sindano.
Kulipokucha Kibo kilikuwa wazi, cheupe,
kama mtu asiyehusika,
na Aikande anadai chapati.

Mke wangu hakubishana nami.
Jumanne alimvalisha mtoto gauni la kanisani,
akaniwekea viatu vyangu mlangoni
vikitazama nje.

Benchi, saa tatu nzima.
Daktari Nakijwa ni mdogo kuliko nilivyodhani.
Alikipasha moto kile chuma kwa kiganja chake
kabla hakijamgusa mtoto mgongo.
Akasikiliza. Akasikiliza tena, upande wa chini,
kama mtu anayegonga ubao kutafuta mchwa.
Kisha akauliza swali ambalo Ijumaa
halikuwa na nafasi:

Huyu analala wapi?

Nikatazama mikono yangu.
Unga wa mninga umekaa kwenye mikunjo ya vidole,
maji na sabuni huuacha palepale.
Tunalala nyuma ya karakana, nikasema.
Kati yetu na msumeno kuna pazia.

Hakunilaumu.
Laiti angenilaumu ningepata la kujitetea.
Aliandika tu, polepole, herufi zimesimama wima,
akamwonyesha mama yake namna ya kubana kile kichupa,
pumua, hesabu, achia,
akatupa tarehe nyingine.

Ijumaa waliziba ufa.
Jumanne nikaonyeshwa maji yanakopitia.

Jioni nikaburuta meza ya randa hadi uani,
peke yangu, mguu mmoja ukavunjika.
Mteja wa Majengo amepiga simu mara mbili.
Nimemwambia wiki ijayo, akaguna, akakata.
Hajui kwamba chini ya chaga ya kitanda chake,
mahali ambapo godoro litafunika,
nimeandika kwa penseli ya sikioni:
tarehe kumi na tisa, saa mbili asubuhi.
Arudi.