Hodi kwa Kioo

Ghorofa ya pili, Mtaa wa Biashara,
juu ya duka la marobota ya kanga,
Bi Swafiya Shali ameniita tena:
"Njoo uone. Kioo chasinzia kama mlinzi."

Kweli. Kinawaka, waridi jekundu linatokea
na pindo lake la korosho,
kisha giza. Kisha waridi. Kisha giza.
Pangaboi linazunguka, halijali.

Naweka mkoba chini. Nafungua faili la kiendeshi,
herufi nyeupe kwenye weusi,
na katika kumbukumbu za mashine nasoma mazungumzo
ambayo hakuna mtu aliyeyasikia.

Kadi yabisha: hodi.
Natuma kwa njia nne, kasi ya nane nukta moja. Wanisikia?
Kioo: ya kwanza naam, ya pili naam, ya nne naam,
ya tatu —
Kadi yaongeza volti, yapandisha sauti: hodi.
Ya tatu —
Hodi!

Sisi tulifunzwa hodi ni tatu,
ukikosa jibu warudi ulikotoka.
Aliyeandika kiendeshi hiki
hakulelewa na mama yangu, Kuze.
Amekiamrisha kigonge, na kigonge,
na kikichoka kizime kila kitu kianze upya.

"Ni waya?"
Ni waya. Umepita nyuma ya kabati, chini ya cherehani,
ukavunjika mgongo pale mguu wa meza ulipoukalia
tangu Ramadhani. Mpya waja Alhamisi.
Leo Jumatatu. Kiwanda chataka mchoro kesho alasiri.

"Basi tumia hizo tatu zilizo nzima."
Ningependa, Bi Swafiya. Lakini kiungo hiki
hakijui tatu: ni moja, au mbili, au nne.
Ile ya nne, nzima kabisa, itakaa bure
kwa kosa la jirani yake.
Ananyamaza. Sijui ni nyumba gani aliyoikumbuka.

Nashusha. Njia: mbili. Kasi: tano nukta nne.
Nakokotoa nyuma ya risiti ya maziwa:
jumla kumi nukta nane; na katika kila biti kumi zisafirizo
nane ndizo mzigo, mbili ni masurufu ya njiani.
Yabaki nane na ushei.
Picha sitini kwa sekunde hazipiti hapo.
Thelathini zitapita, bega kwa bega,
kama magari ya Daraja la Nyali upande mmoja ukifungwa.

Nabadilisha mistari miwili. Nahifadhi. Nawasha upya.

Kadi: hodi.
Kioo: karibu.

Mara moja tu. Hata sikuwahi kuzuia pumzi.

Waridi latulia. Wekundu ni ule ule,
sikuigusa rangi hata chembe.
Ila kishale cha kipanya chajiburuta
kama mtu mwenye ndara zilizorowa.
"Chaenda polepole."
Chaenda.

Anakitazama muda mrefu. Dakika nzima bila giza.
Kisha, chini ya waridi, kwenye kisanduku cha jina
kilichokuwa kitupu wiki mbili,
anaandika kwa vidole viwili:

NNE ZIKIKATIKA, KWA MBILI NITAFIKA

Nacheka. Namwambia mji utasema ni wake wenza,
Kuze nzima itamtafuta mume aliyekusudiwa,
zitanunuliwa doti kwa doti
za kurushiana vijembe harusini,
na hakuna atakayedhani ni kebo.
"Na waseme," ajibu, akihifadhi.
"Wewe andika risiti yako."

Naandika: kupunguza njia na kasi, shilingi mia nane.
Kisha narudi kwenye faili, juu ya mistari yangu miwili,
namwachia neno fundi atakayekuja:
Usirudishe nne kabla hujatazama mguu wa meza.