Dubu Mwenye Miwani

Baba, nimeizima ile mashine.
Imelala ghalani, meno yamejaa vumbi,
na harufu ya petroli iliyokuwa ikipanda ngazi
kila Jumamosi kabla ya kahawa
imekwisha kutoka kwenye mapazia.
Sasa ni mkasi: kwachu, kwachu,
na katikati ya kwachu na kwachu
nasikia malori ya viazi yakikwea kwenda mpakani,
Kolombia, kwenye ukungu.

Dubu wako yupo.
Miaka thelathini na minne ulimchonga
katika mberoshi mmoja, kwa uzi na timazi,
ukimzunguka na ngazi yako
kama fundi anayempima bibi harusi.
Mti mkunje ungali mbichi, ulisema,
ukalifunga tawi kwa waya, likawa bega,
ukampa tumbo, ukampa pua,
na kandokando ya macho duara mbili za majani membamba,
maana dubu wa milima yetu huvaa miwani.
Magari yalisimama. Padre Anselmo alitaka wa kwake,
ukamwambia kanisa halifugi wanyama.

Lakini mvua, baba,
mvua ya siku hizi haina adabu.
Hukaa miezi bila kubisha hodi
kisha huja usiku mmoja na mizigo yake yote.
Mwaka jana iliteleza juu ya saruji uliyoimwaga
ili mtu asichafue viatu akija kumtazama dubu,
ikaingia jikoni kwa Hermelinda,
ikaondoka na kuku wawili.
Asubuhi alikuja kuazima ndoo.
Hakusema neno.
Lile neno asilolisema
ndilo lililonishikisha sururu.

Saruji yako ilikuwa ngumu kama wewe.
Siku tisa. Wilmer alibeba vipande kwa toroli,
tukajenga kingo, tukapanda meloko na oka,
chakula ulichokiita cha maskini
huku ukiongeza sahani ya pili.
Mapipa matatu yapo chini ya mfereji wa bati.
Mbolea ya chumvichumvi sinunui tena,
na yale masalio ya mkasi uliyoyachoma nyuma ya choo,
moshi ukitutoa machozi sote,
nayakatakata, nayalaza
na maganda ya viazi, na samadi ya simbilisi,
nayafunika kwa gunia.
Mboji ya mberoshi haina haraka.
Nami nimefika umri wa kutokuwa nayo.

Usinicheke. Najua mapipa matatu hayazimi jua.
Wilmer naye aliniuliza, kwa ile sauti yake ya darasani:
Mama, bustani moja itaipoza dunia?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mkasi.
Nikampa. Nikamwambia, panda,
kata hapo, chini ya sikio la kushoto.

Alipanda. Akanyamaza.
Kisha akanong'ona, kama mtu aliyekuta watu wamelala:
kuna mtu humu.

Shomoro.
Tago la nyasi na nywele, nadhani nywele zangu,
mayai matatu yenye madoa kama kahawa iliyorushwa.
Ningekuwa na mashine, baba,
nisingesikia hata ukelele.
Ni mara ngapi hatukusikia?

Basi toka Agosti sikio hilo halijaguswa.
Makinda yameshatoka, wakaja wengine,
nami kila nikishika ngazi napata kazi nyingine ya kufanya.
Jana nilishusha timazi yako kupima, kwa mazoea tu:
la kushoto limelipita la kulia
kwa kiganja na vidole viwili,
limechanua, limeinama mbele, halina nidhamu.
Nililala na aibu.

Leo Hermelinda kaja kurudisha ndoo,
kasimama mlangoni akimtazama,
kacheka mpaka akashika ubavu.
Anasema sasa ndiyo amefanana nawe kabisa,
zile jioni ulizoweka mkono sikioni
ukijifanya husikii anachokuambia.