Mchagua Kitalu

Mchagua jembe si mkulima, sawa.
Na mchagua kitalu je, ni nani?
Wiki nzima nimekuwa huyo,
mshona mapazia wa Kutaisi
niliyeua hata mnanaa kwa kuumwagia maji mno.

Lamara amestaafu. Miaka thelathini na moja
aliishi ghorofa ya tisa, akiotesha vitunguu kwenye gilasi.
Sasa dada yake amemwachia kipande cha ardhi
nyuma ya reli, upana wa mashuka manne,
naye huamka alfajiri kwenda kukitazama tu.
Hajapanda kitu. Anakiogopa, nadhani,
kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ampakate.
Na siku yake ya kuzaliwa ni Julai.

Kitalu cha barabara kuu kina milango ijifunguayo,
kina muziki, na miche imesimama gwaride,
kila mmoja na picha ya utakavyokuja kuwa.
Kijana wa fulana ya kijani akaniuliza bajeti.
Hakuniuliza kingine.
Nikainua waridi: udongo wake mwepesi kama sponji.
Limesafiri siku sita kwa lori, akasema kwa fahari.
Siku sita, lije likutane na matope yetu?
Nikalionea huruma, nikalirudisha.

Kwa Gocha, kando ya soko, miche imefungwa magazeti.
Huu ni mti gani? Mpeasi.
Na ule? Mpeasi.
Majani hayakufanana hata kwa kuazima.

Kwa Tsiala hakuna kibao. Lango limefungwa kwa waya,
mpira wa maji unavuja, paka kalala kwenye toroli.
Hakunikaribisha.
"Jua linaingilia wapi?"
"Mashariki, nadhani."
"Nadhani haioteshi kitu. Mvua ikinyesha,
maji yanatuama au yanapita?
Na huyo mwenyewe, ana subira?"
Nikabaki na pochi wazi, kama mtu
aliyeulizwa jina la mke wake akalisahau.
"Rudi na udongo," akasema, akanipa mgongo.

Basi usiku, na magoti haya ya miaka hamsini na minane,
nikaruka uzio wa rafiki yangu
nikaiba konzi moja ya shamba lake.
Mbwa wa jirani akanitangaza mtaa mzima.

Tsiala akaumimina kiganjani kutoka kopo la kahawa,
akaulowesha, akausokota kama uzi
mpaka ulipokatika.
"Una kiburi, lakini utasikia. Mkomamanga."
Nikatoa pesa. Akanitazama kama ninayelipia mvua.
"Ungoje Novemba. Mti wa Julai, huko barabara kuu, unauzika."
Sikujua kama alisema soko au kaburi.

Tukaufunga shingoni ukingo wa pazia
niliokuwa nao mfukoni, rangi ya haradali,
nao ukabaki palepale, katikati ya wenzake,
umeshaposwa.

Hivyo zawadi yangu ilikuwa karatasi:
*Mkomamanga mmoja. Novemba. Uje mwenyewe.*
Irakli, mwanawe, alimletea mashine ya kukatia nyasi,
mama asiye na hata unyasi mmoja.
Lamara akaisoma karatasi mara mbili,
akaibana chini ya sahani, akaendelea kula.
Nikajua nimekosea.

Lakini kila Jumamosi sasa hapatikani.
Anapanda mabasi mawili kwenda kuutazama mti
ambao bado si wake,
anarudi na kucha nyeusi na maneno nisiyoyajua.
Mimi hajanialika. Inaniuma kidogo,
sitadanganya.

Jana akanipigia simu kutoka huko:
"Dirisha lako la jikoni, jua linaingilia wapi?"
Nikasimama na sindano mdomoni.
"Mashariki," nikasema, "nadhani,"
nikasikia watu wawili wakicheka.