Karatasi ya Nguba

Ajenti alikuja na tampon mfukoni
na karatasi iliyokunjwa mara nne, kama barua ya posa.
Akaisoma juu ya ndoo zangu, pale kwenye mteremko wa Nguba,
kwa Kifaransa, akitafsiri nusunusu,
pikipiki zikimkata sentensi katikati:
ni marufuku kuuza, kusafirisha, kupanda, kutoa zawadi.
Kutoa zawadi! Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Majina yalikuwa ya Kilatini, marefu kama ya mapadri wa zamani.
Nikamwambia: Musio, hapa hakuna mmea unaoitikia jina hilo.
Akanyoosha kidole kwenye beseni la bluu.
"Huyo."

Huyo. Zambarau, laini, anaelea
kama mtu anayesubiri kupigwa picha.
Nilimnunua shina moja kwa Zihindula, aliyemtoa Uvira
ndani ya sashi ya chumvi.
Wiki tatu, wakawa kumi na moja.
Miezi miwili, sikuhesabu tena.
Hadai mbolea. Hadai kunyweshwa, maji ndiyo kitanda chake.
Mali gani nyingine mtu ataiuza asubuhi
na jioni aikute imerudi nyumbani na watoto?
Amelipa shule ya Nsimire mihula miwili.
Ameezeka jiko.
Harusi za Muhumba zilimtaka katika bakuli za vioo,
na hoteli ile yenye bwawa ilichukua thelathini
kwa siku moja, bila kubembeleza bei.

Halafu mvua ya mwezi wa nne.
Bwawa la hoteli likamwagika mferejini,
mfereji ukamwagika ziwani,
ziwa likamsukuma polepole hadi mdomoni mwa Ruzizi,
na umeme ukakatika siku sita.

Giza tumelizoea, giza la huku halina habari mpya.
Lakini mdogo wangu Cishugi, kibarua wa kule kwenye mitambo,
alirudi usiku mikono imechanikachanika, ananuka tope,
akasema: mashine zimesongwa koo.
Akaingiza vidole ndani ya buti
akatoa ua moja la zambarau, limepondeka,
akaliweka mezani kando ya mshumaa.
Hakuuliza kitu.
Nami sikujibu kitu.

Kwa hiyo usidhani nabishana na karatasi yako, bwana ajenti.
Karatasi ina haki. Imechelewa, lakini ina haki.
Nagombana na neno moja, mstari wa tatu,
ulilolitafsiri mwenyewe bila kumeza mate:
mvamizi.

Neno hilo huku tumekwisha kulisikia likisomwa kwa sauti
na halikuwa juu ya maua.
Tumeona nyumba zikiulizwa mizizi yake.
Muhogo nao ulitoka ng'ambo, na mahindi,
na maharagwe haya tunayoapia kama ya mababu,
na hakuna aliyeyagongea mlango usiku kuyadai kitambulisho.
Andikeni alichofanya.
Andikeni: alikula ziwa, hakubakisha.
Msiandike alikotoka.

Akanitazama kama mtu anayehesabu chenji.
"Amande ni elfu hamsini, mama. Bila risiti, ishirini."
Nikasema: nipe risiti.
Akatafuta kalamu kila mfuko.
Hakuwa na kalamu. Nikamwazima yangu.

Nilianika mimea yote juu ya mabati, mizizi ikitazama jua,
siku nne, hadi ikawa kama nywele za kale.
Kisha moto. Ulinuka samaki, majirani wakalalamika.
Nsimire akaomba ule upande wa karatasi usioandikwa
afanyie hesabu zake.

Sasa nauza mawaridi na mbegu za kabichi.
Beseni la bluu nimelipindua, ndilo kiti changu.
Jana mwanamke wa kitenge kipya alisimamisha teksi,
akainama karibu na sikio langu:
"Ile ya zambarau, huna hata kashina kamoja?
Ni kwa harusi tu."
Akafungua pochi.

Sikuinuka.