Mstari Unaorukwa

Viljandi, Januari, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
na baba yangu Endel ameketi karibu na jiko la vigae,
macho yake yamezimika tangu kiangazi cha mwaka juzi,
ananisomea mbingu kwa kichwa.

Mimi nachapa. Jina, aina, pembe, umbali, kipenyo.
Mabano yakifunguliwa sharti yafungwe.
Koma moja ikipotea, programu hununa
kama mtoto aliyenyimwa peremende.

Ulimwengu huu wa kwenye skrini tuliupata na nyota tu,
nyota nyingi, safi, na nyuma yake giza tupu:
duka lililopanga bidhaa dirishani
na ghalani hamna kitu.
Tunalijaza ghala. Madaftari yake manne,
miaka ishirini na sita ya darubini juu ya barafu ya ziwa,
wino umevuja, saba zinafanana na moja.
"Baba, hii ni saba?"
"Ni moja. Usiku ule mama yako Helju alileta supu ya njegere,
ikaganda kwenye kijiko."

Galaksi mia nne na tatu. Vishada. Mawingu ya gesi.
Kilimia, ambacho sisi huku twakiita Chekeche.
Nikahifadhi faili, nikaifungua, nikavuta kamera nyuma,
nyuma zaidi,
hadi Njia ya Ndege (ndivyo tuiitavyo galaksi yetu,
kwa kuwa ndege wahamao huifuata kwenda kusini)
ikawa sahani, ikawa kifungo cha shati,
nami nikanyamaza.

"Vipi?"
"Zote zimesongamana upande mmoja, baba.
Fungu moja la chungwa limejaa pomoni,
mafungu mengine hayana hata kokwa."
Akacheka mpaka akakohoa.
"Umeandika saa. Yenyewe inataka nyuzi.
Zidisha kwa kumi na tano, Urve,
uziachie nafasi ya kupumua."

Nikazidisha. Feni ya kompyuta ikahema,
halafu mbingu ikafunguka pande zote
na ikawa kazi yangu kumweleza: hii imelala ubavu,
hii inatutazama usoni, hizi mbili zinavutana nywele.
"Hizo zinavutana tangu hapo," akasema. "Endelea."

Daftari la tatu, ukurasa wa hamsini na nane.
Doa. Hafifu. Kama pumzi juu ya kioo.
Machi 1983. Pembe zimeandikwa mara mbili.
Nimepekua kila orodha niijuayo: halina namba.
Mahali pa umbali, pameachwa wazi.

Programu haikipokei kitu kisicho na umbali.
"Niweke miaka ya nuru milioni thelathini," nikasema.
"Nani atajua?"

Jiko likalia, tak.
Baba alikagua mizani za masoko miaka thelathini na moja.
Aliwahi kumfungia duka binamu yake
kwa gramu nane.
"Sikupima," akasema. "Niliona tu."
"Basi nifute?"
"Nimesema niliona."

Tukakaa. Theluji ikaporomoka paani, fungu zima,
ikatikisa dirisha.

Mwishowe niliuandika mstari wote:
pembe, tarehe, na jina alilonitamkia polepole, Kijiko cha Helju,
umbali nikauacha alivyouacha,
na mbele kabisa nikaweka alama ya reli,
ile iiambiayo mashine: pita, hapa hapakuhusu.

Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa,
akaomba chai.

Kwenye skrini, penye pembe zile, pana giza mpaka leo.
Lakini atakayelifungua faili lenyewe
alisome kwa macho, kama lisomwavyo daftari,
ataukuta, mstari wa mia mbili na kumi na saba.

Saba, si moja.