Kumi na Mbili, Mlalo

Gazeti la Jumamosi hutufikia Jumapili,
limelowa pembe moja kwa safari ya Mokowe,
na Mselemu kinyozi huliangika kando ya kioo
kwa vibanio viwili vya nguo za mkewe.
Siasa haisomwi. Mpira, baadaye.
Kwanza chemshabongo:
visanduku vyeupe na vyeusi
kama sakafu ya nyumba ambayo mwenyewe amehama.

Wiki hii mada ni fasihi.
"Mada mbovu," akasema Famau kitini,
shavu moja limenyolewa, la pili lina povu.
"Nilitaraji samaki."

Mimi nilisoma kwa sauti;
ndiyo kazi ya anayengoja zamu.
Tatu mlalo: *Hapana mahitaji, na kila mtaa una yake. Herufi sita.*
Kimya. Wembe umesimama hewani.
"Hapana ni la," akasema Mselemu, polepole,
kama anayepima kichwa cha mtoto.
"La. La-haja."
Lahaja!
Famau aliruka, povu likafika kwenye feni.
Na palepale ugomvi: ni Kiamu kilicho lahaja,
au sanifu ndiyo lahaja yetu iliyopelekwa shule?
Dakika kumi. Shavu likakauka, likapakwa upya.

Saba wima nililipata peke yangu:
*Bibi hakubali kushindwa: si kama simba, ni simba.*
Siti, na ari yake. Sitiari.
Nikaona haya kwa furaha ndogo kama hiyo.

*Mheshimiwa aliyejaa mashairi*
lilimuudhi Mselemu.
"Diwani? Wetu hana hata methali."
Lakini herufi zilikaa.
Akaandika kwa penseli, kwa mkono mwepesi,
ili ifutike wakati wa uchaguzi.

Kisha kumi na mbili mlalo, ubeti mzima:

*Nina chombo mkononi, nakichovya kikinena,*
*kimeficha mji ndani, wapita bila kuona.*
*Usiutafute pwani, wala bara kung'ang'ana.*
*Wafumbuzi fumbueni, au mwangojea jana?*

Famau akahesabu mizani kwa vidole, akaridhika,
kisha akakasirika.
Sisi watu wa huku, ukituambia chombo
twatazama tanga.
Tukataja mtepe, tukataja dau, tukataja ngalawa;
tukaipekua miji, Siyu, Pate, Faza, Ungwana,
mpaka Barawa, ambako shangazi yake Famau aliolewa akasusa.
Hakuna uliotosha.

Mwanatumu akaingia na daftari la mamake,
deni la mikate ya mofa, shilingi mia mbili na themanini.
Akasimama mlangoni, tusimwone.
Akavua kifuniko kwa meno,
akaandika jina la Mselemu, akapiga mstari chini,
akatuangalia watu wazima watatu
tukiusaka mji hadi Barawa.
"Kalamu," akasema.
"Mia mbili na themanini."

Tukatazamana kwenye kioo.
Nyuma yetu, nje ya mlango, punda wamekwama uchochoroni,
mtu anagombana na mkokoteni,
kiambaza cha jirani kinabanduka chokaa.
Mji wenyewe, kinyume kwenye kioo,
na hakuna aliyeuona.
Mselemu alilipa bila kulalama,
jambo ambalo Mwanatumu aliliandika pia.

Likabaki moja, la kusimama,
linaloshuka kupitia kumi na mbili.
*Halina vina wala mizani; ndilo shairi letu la kwanza.*
*Herufi nne, ya tatu M.*
"Njaa," akasema Famau.
"M iko wapi?"
"Mbu, basi, naye huimba."
"Hao ni herufi tatu, Famau. Tulia, nitakukata."

Mimi nililijua.
Nililijua kabla sijamaliza kusoma.
Sikulisema. Arubaini yake bado siku sita,
na duka la kinyozi lina watu.

Famau akashuka, uso unang'aa, akasahau kofia, akarudi.
Mselemu akakung'uta kitambaa,
akalikunja gazeti, kisanduku cha M kikawa juu,
vitatu vyeupe vikimzunguka.

"Njoo," akasema. "Ndevu zimekuzidi.
Tuziondoe, au waziacha?"