Swali Lisilokuwemo Kwenye Fomu

Fomu ya wodi yetu, hapa Cochabamba,
ina maswali arobaini na moja.
Unavuta? Unakunywa? Miguu huvimba jioni?
Unalalia mito mingapi?
Don Zenobio Choquevilca, fundi baiskeli,
anajibu yote kwa adabu, kofia mapajani,
kama mtu aliyeitwa na hakimu kwa kosa la jirani.

Mito mitatu, daktari.
Zamani mmoja. Zamani zaidi, gunia.

Mapigo arobaini na mawili kwa dakika.
Kwenye picha, moyo umetanda kifuani
kama mgeni aliyeaga kwao kwa siku mbili
akaja na kitanda.

Rosmery, mwanafunzi wangu, anauliza presha,
anauliza sukari, anauliza pombe mara ya pili,
kwa sauti ya chini, kana kwamba ile ya kwanza alidanganywa.
Mimi nimeshaweka kalamu chini.
Utotoni, don Zenobio,
kuta za nyumba yenu zilikuwa za nini?

Anacheka. Udongo na nyasi, za nini tena?
Baba alikandika, sisi tukikanyaga tope.
Na kwenye nyufa kuliishi nini?

Kicheko kinakoma. Kidole kinapanda chenyewe
hadi kwenye kope la kushoto,
palipovimba usiku mmoja akiwa na miaka sita,
na mama akabandika majani aliyoyatafuna, akasema:
vinchuca kakuonja tu, itapita.

Ilipita. Ilipita ngozini bila hodi,
ikakaa ndani miaka hamsini na miwili.

Rosmery anaandika jina la ugonjwa kwa herufi kubwa.
Ni sahihi, alama zake nitampa.
Lakini hilo ni jibu la moyo mmoja.

Mlilala wangapi chumbani humo?
Saba.
Fortunata alianguka akichota maji, wakasema jua.
Hilarión yuko Buenos Aires, anachoka tu.
Casimira ana binti, mimba ya miezi mitano.
Wengine anawahesabu kwa vidole, kimya.

Vidonge nitampa. Betri ya moyo tutaiombea,
foleni inafika Agosti.
Na ile nyumba?
Ipo. Mpwa wangu anakaa. Ana mapacha.

Basi nachukua fomu nyingine, tupu.
Mgonjwa: ukuta wa mashariki.
Dalili: nyufa.
Tiba: dawa ya kupuliza, lipu, mtu wa kurudi kutazama.

Rosmery anauliza aiweke faili gani.
Weka kwenye lake, nasema.
Nyumba hatuna faili lake.